Hisa za Mjomba

Tarehe 6 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Mimi nipo. Nasimama, nakula, nafua nguo za watu. Bomba la uani limeziba tena. Fundi alikuja, akalitazama kama daktari, akachukua hela yake, akaenda zake, na bomba bado limeziba. Paka amezaa ndani ya kapu la shuka safi. Wanne. Mwenye shuka hajui na wewe usimwambie.

Uliuliza mbona mwandiko wangu siku hizi unapanda mlima. Ni meza, mguu mmoja umelegea. Usihangaike na mwandiko, hangaika kula.

Mjomba wako hajambo, tena amezidi. Tangu astaafu ukarani wa stoo amekuwa mtu wa kuzunguka tu, sasa amepata kazi: hisa. Yeye na wastaafu wenzake sita wamechanga kiinua mgongo chao wakanunua hisa za kampuni yenu ya huko ng'ambo, hiyo ya mikoba ya matajiri. Kwa simu! Hawakuona hata mlango wa kampuni. Mtaani wanamwita Mkurugenzi, na yeye anaitika. Juzi amekuja akakalia ndoo yangu, akasema, "Dada, mwambie mwanao ashone vizuri, ajue anamshonea mjomba wake." Nikamwambia, "Mkurugenzi, nyanyuka, hiyo ndoo naitaka."

Nilicheka, lakini mwenzio naogopa. Nguo naielewa. Nguo unaishika, unaianika, mvua ikija unaianua. Hisa utaianua vipi? Nikimuuliza iko wapi ananionyesha mstari kwenye simu, anasema unapanda. Jasho la watu saba, miaka yao yote, limekuwa mstari. Niambie wewe uliye huko ndani, ni kitu cha kweli au mdogo wangu ameibiwa na bado hajajua?

Ule mkoba mwekundu uliosema umeushona wa kwanza kwa mkono wako, nimewaambia wateja wangu wote. Wameuliza bei. Nilipowatajia wakauliza ndani unakuja na nini. Nikasema unakuja mtupu. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Nakuombea asubuhi na jioni.
Mama yako


Tarehe 29 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Niko mzima, ila vidole vimekuwa vigumu kama vya fundi viatu. Chumbani bado tunalala wanne, na yule mkataji ngozi bado anakoroma. Wasalimie paka wote watano.

Hisa ni kitu cha kweli, mama. Ni kama kampuni imekatwa vipande vidogo vidogo na kila mwenye hisa ana chake. Habari nzuri ikitoka, kila mtu anataka kipande na bei inapanda. Habari mbaya ikitoka, kila mtu anakitupa. Mjomba hajaibiwa. Lakini asiweke vyote alivyo navyo pale.

Sasa lililonikaa kooni. Sikuweza kulisema kwa simu, chumba hiki hakina siri. Mkoba mwekundu unachuja rangi. Mteja akiubeba na nguo nyeupe unamwachia alama ubavuni, na haitoki. Maelfu yameshauzwa. Kampuni itaurudisha wote kutoka madukani, na itatangaza mwishoni mwa Aprili. Msimamizi alituita sisi wanane wa chumba cha sampuli, tunaoshona mikoba ya kwanza ya mfano, tukatia sahihi karatasi kwamba hatutamwambia mtu yeyote mpaka siku hiyo. Mama, ile ngozi nilipoishika mara ya kwanza iliniachia wekundu kwenye kucha. Niliona. Nikanyamaza, kwa sababu mshonaji haulizwi mambo ya rangi. Naogopa wakianza kutafuta wa kumlaumu.

Nimekuambia wewe tu, maana nisipomwambia mtu nitapasuka. Soma peke yako. Usimwonyeshe mtu yeyote, hata mjomba. Mjomba hasa.

Mwanao


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika Jumatatu na tangu siku hiyo chakula hakipiti. Salamu zako nimezipokea. Paka mmoja amechukuliwa na nesi wa zahanati, wamebaki watatu na mama yao. Juzi nimempelekea nesi sketi za mwalimu, na mwalimu nikampelekea magauni ya nesi. Walicheka sana. Mimi sikucheka.

Rangi inayochuja naijua kuliko nilivyomjua marehemu baba yako. Kitambaa kikichuja unakiloweka kwenye maji ya chumvi na siki kabla hakijagusa kingine. Ngozi sijui. Lakini hili najua: nguo ikimwaga rangi, wa kuulizwa ni aliyeitia rangi, wala si aliyeishona. Wewe ulishika sindano. Wakikuuliza juu ya sindano jibu, wakikuuliza juu ya rangi waambie wamwite mwenye rangi. Ila ukweli, mwanangu, ule wekundu kwenye kucha unanitisha. Siku nyingine sema. Hata wakikuona mdomo mrefu, sema.

Hilo la siri lala usingizi. Nimeshalimeza. Kutoka kinywani mwangu halitoki.

Mjomba wako anakusalimia. Alikuwepo siku barua ilipofika. Nilimwekea chai, hakuimaliza. Alisimama ghafla, akasema amekumbuka jambo kwa wenzake, akatoka mbio akaacha kofia. Nimemwita mpaka kwenye kona, hakugeuka. Uzee umemwingia vibaya.

Mama yako


Tarehe 20 Mei

Mama, shikamoo.

Niko salama. Kazi inaendelea. Tangazo limetoka na bei ya hisa imeanguka vibaya.

Nina swali moja. Barua zangu unaziweka wapi, na nani huingia humo ndani kwako? Nijibu haraka. Usiniulize kwa nini.

Mwanao


Tarehe 4 Juni

Mwanangu Sindano,

Barua yako ni fupi kuliko risiti ya duka. Hukuuliza paka, hukuuliza bomba, hukuuliza hata kama nipo hai. Mtu anayesema yuko salama kwa mstari mmoja hayuko salama. Kuna nini huko? Wamekufukuza? Unaumwa? Nina roho mkononi, na umeniambia nisiulize, basi siulizi, lakini ujue hapa sikai, natembea tu kutoka kamba hii ya nguo kwenda ile.

Barua zako ziko ndani ya kopo la sabuni, chini ya kitanda. Anayeingia humo ndani ni mimi, paka, na mjomba wako.

Mjomba hakuanguka na hisa. Walishauza zote, yeye na wenzake sita, wiki mbili kabla ya tangazo. Sasa wanamwona kama mganga. Nilimuuliza, "Ulijuaje?" Akasema, "Dada, mimi nausoma mstari." Nilifurahi hawakupoteza kiinua mgongo chao. Nilitaka kufurahi, niseme hivyo.

Nina habari niliyokuficha, na leo naitoa kwa sababu imegeuka kuwa njema. Meza haina ubaya wowote. Ni macho. Huu mwaka wa pili, mtoto wa jicho, yote mawili. Nilikuwa naandika kwa mazoea ya mkono, lakini nikimaliza siwezi kusoma nilichoandika mwenyewe. Nguo za watu nilikuwa nazitambua kwa kushika na kunusa. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungeacha kazi ukaja kunishika mkono. Basi mjomba wako, Mungu ambariki, amenilipia. Jicho la kulia wamelifanyia upasuaji wiki mbili zilizopita, na la kushoto ameshalilipia pia, ni mwezi wa nane. Nimeona sura yangu kwenye kioo, mwanangu. Nilidhani ni marehemu bibi yako amesimama mlangoni. Bado nasubiri miwani ya kusomea, na nimekatazwa kuinamia ndoo, kwa hiyo nesi ananisaidia kufua na ananung'unika tangu anaingia mpaka anatoka.

Usinikasirikie. Andika ndefu.
Mama yako


Tarehe 19 Juni

Mama,

Nimefurahi kwa jicho lako, halafu nikakaa chini kwenye ngazi nikairudia barua yako.

Kama ulikuwa huoni, barua zangu alikuwa anakusomea nani?

Sikutaka kukutisha, sasa lazima nikwambie. Tangu Mei naitwa chumba cha juu. Wapo wakaguzi wa soko la hisa, wawili, wapole mno, wananimiminia maji kwenye glasi. Wanasema watu saba wa mji mmoja waliuza hisa zao siku moja, wiki mbili kabla ya tangazo. Ni mji wetu. Na mmoja wao jina lake liko kwenye fomu yangu ya kazi, pale panapouliza ndugu wa karibu. Nilimwandika mjomba kwa sababu yeye ndiye mwenye simu nzuri.

Kuuza kwa kutumia siri ya ndani ya kampuni ni kosa, mama. Na aliyeitoa siri ana kosa. Ni jambo la jela. Waliniuliza nilimwambia nani. Nikasema nilimwandikia mama yangu tu, na mama yangu anasoma barua zake mwenyewe, hamwonyeshi mtu. Nikatia sahihi. Wakaandika saa na tarehe. Pasipoti yangu wanayo wao.

Sasa wakijua ulikuwa huoni wataona nimedanganya. Wataona tulipanga, sisi watatu.

Nani alikusomea?


Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Leo sina habari za nyumbani. Naanza na jibu: ni mjomba. Barua zako zote tangu mwaka juzi, mjomba ndiye aliyezisoma, mimi nimekaa kitandani na yeye kwenye kiti karibu na dirisha. Nilikuwa naona ni kama wewe unaongea. Nilisahau kwamba kuna mtu mwingine anasikia.

Miwani ilifika Jumamosi. Nilipopata barua yako hii sikumwita mtu, niliisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole, na nilipofika kwenye neno jela nilirudia kutoka mwanzo nikidhani nimekosea. Kisha nikatoa kopo la sabuni. Nikatafuta ile ya Machi. Nikasoma mpaka chini. "Soma peke yako. Usimwonyeshe mtu yeyote, hata mjomba. Mjomba hasa." Mwanangu, maneno hayo sikuwahi kuyasikia. Siku ile alisoma mpaka "nisipomwambia mtu nitapasuka," akakunja karatasi, akasema, "Mwanao, nakupenda, kwa heri." Na mimi nikaona ni tamu, nikalia kidogo.

Nilimwita. Alikuja anapiga mluzi. Nikamwambia, "Kaa hapo ulipokuwa unakaa. Nisomee hii, mwisho wake." Akaitazama, akanitazama, akaona miwani.

Akasema, "Dada, hiyo miwani imekupendeza."

"Soma."

Hakusoma. Akasema, "Nilikuwa na watu sita nyuma yangu. Mimi ndiye niliyewashawishi. Mmoja alishauza mpaka baiskeli. Ningekaa nikatazama wanazama, na jawabu ninalo mfukoni?"

"Na mtoto wangu?"

"Nilijiuliza, watamjuaje? Simu iko huku, yeye yuko kule."

Nikamuuliza, "Hisa zako siku ile, nani alizinunua?"

"Simu haionyeshi mtu."

"Lakini ni mtu."

"Ni mtu."

"Na yeye ana dada?"

Akanyanyuka kwenye kiti. Halafu akanishika magoti, mwanangu, mdogo wangu mwenye mvi, akasema nisaidie. Akasema niwaandikie wakaguzi kwamba nilisoma mwenyewe na nikaropoka bombani kwenye foleni ya maji, yeye na wenzake wakasikia. "Wewe ni mama mtu mzima wa kufua nguo, watakufanya nini? Watasema ni domo tu, yataisha. Mimi watanifunga." Na nilipotikisa kichwa akasema lile neno alilokuwa amelificha: "Na hilo jicho unalonitazama nalo nililinunua na nini?"

Nilitamani nilifumbe.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Ndugu huyu nilimbeba mgongoni. Mama alipofariki nilimnyima mtoto wangu mwenyewe kipande cha mkate nikampa yeye. Wewe ni yule mtoto. Nikisema la bombani, watagundua nilikuwa sioni, maana daktari wa macho ana karatasi, na sahihi yako itaonekana ni uongo tuliopanga. Nikisema kweli, nimemkabidhi kwa mkono wangu. Kila upande nikiutazama kuna mtu wangu amesimama.

Jana nimekwenda kwa nesi. Yeye ameniandikia anwani ya wakaguzi tu, maneno nimeandika mwenyewe. Nimeeleza macho, kiti karibu na dirisha, nani alisoma, mstari gani uliorukwa, na kwamba mwanangu hakujua kitu. Nimetia na karatasi ya hospitali. Nimetia na barua yako ya Machi yenyewe. Jina la mjomba nimeliandika mara mbili, mara ya kwanza lilitoka limepinda, nesi akasema halisomeki.

Sijui kama nimekutoa shimoni au nimewasukuma wote wawili. Stempu nilipoibandika nilisimama pale posta mpaka karani akaniuliza, "Mama, unatuma au hutumi?"

Nimetuma.
Mama yako


Tarehe 30 Agosti

Mama yangu, shikamoo.

Walinisomea barua yako chumba cha juu. Mmoja wa wale wakaguzi aliisoma kwa sauti, na alipofika pale kwenye kiti karibu na dirisha akasimama kidogo akanywa yale maji aliyokuwa amenimiminia mimi.

Sitashtakiwa. Wameona sikufaidika na sikujua. Lakini nilitia sahihi ya kunyamaza na sikunyamaza, kwa hiyo wamenitoa chumba cha sampuli. Sasa niko kwenye gundi, napaka pembe za mikoba. Harufu inapanda kichwani. Kuhusu wekundu kwenye kucha niliwaambia mwenyewe, kabla hawajauliza. Waliandika. Pasipoti yangu wamenirudishia, nimeiweka chini ya mto kama mtoto mdogo.

Wameuliza sana juu ya mjomba. Faili lake limetumwa huko kwenu. Sikuweza kumtetea na sikuweza kumlaani. Mama, hukuniambia kama unaongea naye. Hukuniambia jicho la kushoto limefikia wapi, na mwezi wa nane ndio unaisha.

Mwanao


Tarehe 15 Septemba

Mwanangu Sindano,

Marahaba, mara mia. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena nimekaa. Niligonga kwa nesi na karatasi mkononi, sikuweza kusema, akadhani umekufa, akaanza kupiga kelele. Tumecheka mpaka tukalia. Gundi isikukae moyoni, ila fungua dirisha, na kitambaa chenye maji funga puani.

Jicho la kushoto sikwenda. Siku ya miadi nilifua shuka. Nesi amenigombeza, ameniita kichwa kigumu, amesema hela haina harufu. Labda. Lakini nikilifumba la kulia na kutazama kwa lile la kushoto, ule ukungu ni wangu, haujamgharimu mtu yeyote. La kulia siwezi kulirudisha. Nalitumia, na kila asubuhi likifunguka namkumbuka mtu nisiyemjua, aliyenunua hisa siku ile.

Mjomba hakuja kwangu miezi miwili. Wale wastaafu sita wameitwa, wote wamesema yeye ndiye aliyewaambia. Sasa hakuna anayemwita Mkurugenzi. Akipita wanatazama viatu vyao. Nilikuwa namwona kwa mbali, upande wa pili wa barabara, na nadhani hakujua naona mpaka pale. Amekonda, mwanangu. Shingo imebaki nyembamba kama ya kuku.

Leo asubuhi amegonga. Hakuita hodi, aligonga tu. Amesimama mlangoni na shati la bluu mkononi na karatasi ya mahakama. Akasema, "Kesho saa tatu." Nikasema, "Nimeitwa na mimi." Akasema anajua. Kisha akanyoosha lile shati, hakunitazama, akasema, "Dada, utanipigia?"

Nikaweka pasi. Yeye akakaa. Mvuke tu ndio uliokuwa unaongea. Kola nimeipiga mara mbili, na mikono, na mgongo wote, hata pale ambapo koti lingeficha. Nilipomaliza nikamwambia alivae nione. Vidole vyake vilikuwa vinakosa vifungo, basi nikamfunga mimi.

Nilipofika kifungo cha juu akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Kesho humo ndani, utakaa upande gani?"

Nilimaliza kifungo, nikamwekea kola sawa, akaenda zake ananyata ili lisikunjike.

Mwanangu, wao wataniuliza na mimi nitasema yaleyale niliyoandika, neno kwa neno, wala sitapunguza. Hilo nimeshakata shauri, usiwe na hofu nalo. Lakini kabla hawajaniita, kuna kukaa. Kuna benchi la huku na benchi la kule, nesi ameniambia. Nimekuwa najipangia njia tangu asubuhi, kutoka mlangoni mpaka benchi, na kila nikifika katikati ya chumba miguu inasimama.

Mama yako